Kuzuru Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia kwa Kufuata Pepo na Maji

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikawa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania, na katika kilomita zake za mraba 822 vimo pia vijiji vya wavuvi. Anayepanga kuizuru na atazame pepo na mwezi kabla ya kutafuta tiketi.

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, katika bahari ya upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ilhali kasa wachanga wa Kisiwa cha Juani huanguliwa kwa wingi kati ya Juni na Septemba, kusi, upepo utokao kusini, inapovuma. Ni nadra kuwapata wote katika safari moja, na wakala anayekuahidi wote wawili anastahili kuulizwa maswali. Aprili na Mei, miezi ya masika, ni heri kuiacha ipite.

Ndege kutoka Dar es Salaam hutua Kilindoni, na vyombo vya majini huondokea Nyamisati, bandari iliyo bara. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, tunza risiti. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Linalowasumbua wageni wengi ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Ghuba ya Chole hupwa sana hata mafungu ya mchanga yakabaki wazi, na mashua iliyochelewa hukwama hapo mpaka yajae tena. Katika mlango wa Kinasi, ambako ghuba hukutana na bahari kuu, wazamiaji hushuka maji yanapojaa, kwa kuwa wakati huo maji maangavu ya nje ndiyo yanayoingia na mkondo huwasukuma ndani. Yakianza kutoka, huwa na vumbi la mchanga na mkondo huvuta kuelekea nje. Anayejifunza achague maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo unapopoa. Kwa vile saa ya maji kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, muulize nahodha jioni ya kuamkia safari, wala usitegemee saa ya jana.

Ukiwa majini, elea kifudifudi na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka, maana tumbawe lililovunjwa kwa kisigino huchukua miaka kuota upya. Fulana ya mikono mirefu hukinga jua bila kumwaga baharini mafuta ya kujikinga na jua. Kwa papa potwe, ingia polepole ukitokea ubavuni, kaa mita tatu au zaidi kutoka kwake, ujihadhari na mkia, wala usimguse.

Ukishuka kisiwani Chole kuwatazama popo wakubwa, au Juani kwenye magofu ya Kua, funika mabega na magoti, na umchukue mwenyeji akuongoze, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye saa ya kurudi chomboni kabla maji hayajapwa.