Mashine Inapokwama: Mwongozo kwa Wafanyakazi Wageni Katika Viwanda vya Nyama Marekani

Viwanda vya nyama vya Marekani vimeendeshwa kwa mikono ya wageni tangu enzi za machinjio makubwa ya Chicago, ambako Walithuania na Wapolandi walisimama kwenye sakafu zenye damu wakifanya kazi ambayo wenyeji hawakuitaka. Tarehe 12 Desemba 2006 maofisa wa uhamiaji waliingia kwa pamoja katika viwanda sita vya kampuni moja na kuwakamata watu wapatao 1,300, wengi wao kutoka Amerika ya Kati na Meksiko, na baada ya hapo waajiri wakaanza kuwatafuta wakimbizi, ambao kisheria wana haki ya kufanya kazi tangu siku wanapoingia nchini. Wasomali walitangulia, kisha wakaja watu wa Burma, Wakongomani na Warundi. Ndiyo sababu Kiswahili cha Kivu kinasikika leo katika vyumba vya kubadilishia nguo vya viwanda vya Iowa, Nebraska na Dakota Kusini, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaokizungumza humo.

Nimefanya kazi kwenye laini ya nguruwe, yaani mstari wa kazi ambapo kila mtu hufanya sehemu yake nyama inapopita, na baadaye nimekuwa mkalimani katika mafunzo ya usalama na katika vyumba vya hospitali. Katika miaka hiyo yote nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila mgeni alisikie kabla hajavaa buti: mashine inayofanya kazi vizuri mara chache humkata mtu kidole. Kidole hukatika mashine inapokwama, wakati laini imesimama, msimamizi anatazama saa, na mkono ulio karibu zaidi ni wa yule aliyeajiriwa mwezi uliopita. Kwa hiyo uzima wa mashine si suala la mwenye kiwanda na fundi peke yao. Kiwanda kikubwa hupitisha nguruwe zaidi ya 1,000 kwa saa, yaani zaidi ya 16 kwa dakika, na kila dakika inayopotea kwa sababu ya mkanda uliochakaa au kisu kilichokosa kubadilishwa hudaiwa kwenye mikono ya walio laini.

Kabla ya kuanza kazi

Siku ya mafunzo utaoneshwa video, kisha utapewa karatasi ya kutia sahihi inayosema kwamba umefundishwa na umeelewa. Usitie sahihi jambo usilolielewa. Mamlaka ya usalama kazini ya serikali kuu, ambayo wafanyakazi wote huiita OSHA, imeeleza wazi tangu mwaka 2010 kwamba mafunzo inayoyadai lazima yatolewe kwa lugha na kwa maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Sema kwa utulivu kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama aliyeletwa anazungumza Kiswahili cha Pwani kinachokupita, sema hivyo pia bila kuona haya. Kuitikia kwa kichwa kwa sababu ya heshima, kama tulivyolelewa kufanya mbele ya wakubwa, hapa ni hatari.

Ukifika kwenye nafasi yako, itazame mashine kabla haijawashwa. Tafuta kitufe chekundu cha dharura, au kamba inayopita ubavuni mwa mkanda, na uhakikishe kwamba mkono wako unakifikia ukiwa umesimama pale pale utakapofanyia kazi. Muulize msimamizi ni lini kilijaribiwa mara ya mwisho. Tazama vifuniko vya kinga vinavyoziba rola, minyororo na visu: vinatakiwa viwe vimefungwa kwa boliti zake, si kwa waya. Ukiona swichi ya mlango wa kinga imebandikwa utepe au imewekewa sumaku ili mashine izunguke mlango ukiwa wazi, ujue kwamba kuna mtu aliyechoka kusimamishwa na mashine hiyo mara kwa mara, akaamua kuipofusha. Hapo kuna makosa mawili: ulinzi umeondolewa, na kilichokuwa kikiisimamisha mashine bado hakijatengenezwa.

Uliza pia kila mashine ina masharti gani ya mavazi. Glavu ya nyavu za chuma humlinda mtu wa kisu, lakini kwenye mashine ya kuondoa ngozi au utando, yenye rola ya meno, glavu hiyo hiyo inaweza kunaswa na kuuvuta mkono wote ndani.

Mashine inapokwama

Nitaeleza tukio moja kwa sababu lilinifundisha kuliko video zote. Mama mmoja kutoka Bukavu aliwekwa kwenye mashine ya kuondoa utando mgongoni mwa nyama ya nguruwe. Mashine ile iliendeshwa kwa pedali ya mguu: ukiikanyaga rola inazunguka, ukiiachia inasimama. Utando ulikuwa ukijisokota kwenye rola kila baada ya muda, naye alioneshwa na aliyemtangulia jinsi ya kuuchomoa kwa ncha za vidole baada ya kuinua mguu. Alifanya hivyo kwa wiki tatu. Usiku mmoja mafuta yalikuwa yameganda chini ya pedali, ikachelewa kurudi, na rola ikageuka robo mzunguko tu. Robo hiyo ilitosha kuondoa ukucha na ncha ya kidole cha kati. Nilipokaa naye hospitalini kutafsiri, aliniuliza swali moja: kwa nini watu wa zamu ya mchana walijua kwamba pedali ile inanata, na yeye hakujua? Walijua kwa sababu walikuwa wakiambizana kwa Kihispania wakati wa kupokezana zamu. Hakuna aliyemficha, hapakuwa tu na mtu wa kumwambia.

Basi mashine inapokwama, ondoa mikono kwanza, kisha bonyeza kitufe cha dharura, kisha ita fundi. Usiingize kidole, kisu, wala ndoano ya nyama, hata kama mwenzako amefanya hivyo mara 100. Kitufe cha dharura kinaisimamisha mashine, lakini hakikukingi wewe, kwa kuwa mtu mwingine asiyekuona anaweza kuiwasha tena kutoka upande wa pili. Vilevile, mashine iliyosimama huenda bado ina nguvu ndani yake: hewa iliyobanwa kwenye mabomba, springi iliyokazwa, kipande kizito kilichoning'inia. Ukikiondoa kile kilichokwama, nguvu hiyo hufunguka mara moja.

Kinga ya kweli ni utaratibu wa kufunga kwa kufuli na kuweka lebo, ambao kanuni yake ilitolewa mwaka 1989. Anayeufanya ni mtu aliyefundishwa na kuruhusiwa na mwajiri, kwa kawaida fundi au mtu wa usafi wa usiku, na kama wewe si mmoja wao kazi yako ni kujulishwa na kukaa mbali. Anayeruhusiwa huwaarifu walio karibu, huizima mashine, hukata umeme, hewa na maji kwenye chanzo chake, huweka kufuli yake pamoja na lebo yenye jina lake, na huimwaga nguvu yote iliyobaki. Kisha hufanya jambo ambalo watu wenye haraka huliruka: anabonyeza kitufe cha kuwashia ili ahakikishe kwamba mashine haiwaki kabisa, na anakirudisha kitufe kwenye hali ya kuzimwa kabla ya kugusa chochote. Wakiwa watu watatu, kila mmoja huweka kufuli yake na kubaki na ufunguo wake mfukoni. Asikubali mtu kufanya kazi chini ya kufuli ya mwenzake, maana mwenzake akimaliza ataifungua na kwenda zake.

Wanaofanya usafi wa usiku wawe waangalifu zaidi ya wote. Wao huingia wakati visu viko wazi, sakafu ina povu la dawa kali na mvuke umezuia macho, na baadhi ya mashine huoshwa zikiwa zimefunguliwa vifuniko. Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni moja ya usafi ilikuwa imewaajiri watoto wasiopungua 102 katika viwanda 13 kwenye majimbo manane, ikaitoza faini ya dola milioni 1.5. Mzazi anayesoma hapa asikubali mwanawe wa sekondari apelekwe kazi hiyo kwa karatasi za mtu mwingine, hata kodi ya nyumba ikiwa imekaribia.

Dalili za mashine inayoelekea kuharibika

Anayesimama mbele ya mashine kwa muda wa saa nane huijua kuliko fundi anayeipitia mara moja kwa wiki. Beringi inayokufa hulia kwanza kama panzi, kisha husaga. Mkanda uliolegea hurukaruka nyama inapokuwa nzito, na huacha unga mweusi wa mpira pembeni. Kisu kisichonolewa hukufanya usukume kwa bega, na baada ya miezi michache vidole vinakufa ganzi usiku ukiwa umelala. Ganzi hiyo ni ya kuripotiwa kama jeraha, wala si uchovu wa kawaida. Harufu ya kuungua karibu na mota, au harufu kali ya amonia inayochoma pua na macho, si ya kusubiri mwisho wa zamu: amonia hutumika kupoozea vyumba vya baridi, na ikivuja unatoka nje kwanza kwa njia ya dharura.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Kila mashine inapokwama, wakati wa mapumziko andika tarehe, saa, namba ya mashine, kilichotokea na jina la uliyemwambia. Viwanda vingi vinakataza picha ndani, lakini daftari halina tatizo, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kurasa kumi zinazoonesha kwamba mashine ile ile imekwama mara nne kila usiku zina uzito kuliko malalamiko ya mdomo, na nimeona mara mbili mameneja wakibadilisha rola nzima baada ya kuoneshwa hesabu kama hiyo, kwa sababu hata wao walipata hasara kwa kila kusimama.

Kama umepandishwa kuwa kiongozi wa laini na unajua lugha zote mbili, una nafasi ambayo wengine hawana. Kila zamu inapobadilishana, waeleze wageni tabia za kila mashine kwa lugha yao, na usimweke aliyefika juzi kwenye mashine inayojulikana kwa kukwama. Huyo ndiye asiyejua kukataa.

Kuripoti, na kuumia

Anza na msimamizi, kisha kamati ya usalama, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kiwanda chenu kina chama. Wakinyamaza, unaweza kupiga simu OSHA kwa namba 1-800-321-6742, kuomba mkalimani, na kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 haimtofautishi mzaliwa na mgeni.

Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo, na utoe kwa maandishi, kwa kuwa fidia ya kazini inaongozwa na sheria za kila jimbo na muda wa kudai hutofautiana. Kidole kikikatika, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo muuweke kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Mwajiri analazimika kuripoti ukataji wa kiungo kwa OSHA ndani ya saa 24. Wewe una haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zako za matibabu.

Ukifukuzwa au kupunguziwa saa kwa sababu ulisema kuhusu usalama, una siku 30 tu za kulalamika kwa OSHA, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu ulipoadhibiwa. Kwa hiyo lile daftari usiliache kabatini kiwandani. Rudi nalo nyumbani kila siku, kwa kuwa siku unayofukuzwa kadi yako ya lango huacha kufanya kazi kabla hujarudi kuchukua vitu vyako.