Kengele ya kuvulia samaki kapu: ijaribu pande zote mbili

Kwa mnaovua samaki aina ya kapu usiku kwenye mabwawa ya Uingereza: kabla hujalipia kengele ya kielektroniki (kifaa kinacholia samaki akivuta mshipi), pitisha mshipi juu ya kigurudumu chake, uuvute taratibu kwenda mbele, kisha uurudishe nyuma. Nzuri hulia pande zote mbili. Bora zaidi hubadilisha mlio kulingana na upande. Kapu aliyenasa si lazima akimbie, wakati mwingine huja upande wako na mshipi ukalegea. Kwa hiyo ning'iniza kizito kidogo kwenye mshipi kati ya kengele na rili (kifaa cha kukunjia mshipi), la sivyo kigurudumu hakizunguki na kengele ya bei ghali inanyamaza tu. Upepo ukizidi, ipunguze usikivu isilie ovyo. Usiku wa barafu kigurudumu huganda. Hapo ni macho yako tu.