Jinsi ya kusoma stori za wageuza madini kuwa dhahabu, na wewe usipigwe

Wakuu, huku kwetu Tabora wapo watu wanaokuja na dawa eti inageuza chuma kuwa dhahabu, na ushahidi wao ni majina ya watu wa zamani, sasa hizo stori mi nazisoma hivi.

Anza na alichopata, achana na alichoahidi. Hennig Brand wa Hamburg mwaka 1669 alichemsha mikojo kibao akitafuta jiwe la kugeuza madini, dhahabu hakuiona ila akapata fosforasi, inang'aa gizani yenyewe. Böttger wa Ujerumani alijitapa mpaka mfalme Augustus akamfungia ndani amtengenezee dhahabu, zikatoka sahani na vikombe vya kauri nyeupe, kiwanda cha Meissen kikaanza 1710. Newton naye kaandika mambo haya kama maneno milioni moja na hakuna hata chembe. Hawa nawaheshimu, walikesha kwenye moto kweli.

Halafu uliza nini kiliingia kwenye chungu, hapa ndo penyewe. Mwaka 1722 Geoffroy, mkemia wa Ufaransa, alianika hizi mbinu pale Akademia ya Sayansi Paris: chungu kina matako mawili, dhahabu imefichwa katikati, moto ukikolea tako la juu linaachia na watu wanapiga kelele. Au fimbo ya kukorogea ina tundu, ndani unga wa dhahabu. Nyingine ni zebaki, na mchimbaji wa Nzega haelezwi mara mbili, maana kila siku anaona zebaki ikimeza unga wa dhahabu hadi huuoni, ukichoma zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ilikuwemo tangu mwanzo!

Kwa hiyo mtu akitaka kukuonyesha, usibishane naye na wala usiridhike kwamba sonara kasema dhahabu ni halali, inaweza kuwa halali kabisa na bado umepigwa. Mwambie chungu unaleta wewe, zebaki unanunua wewe, fimbo ya kukorogea unakata wewe mwenyewe, na yeye asiguse kitu. Akianza kusema mizimu haitaki vyombo vya mgeni, chukua hela yako uondoke.

Na kama kuna zebaki inachomwa kaa mbali, upande upepo unakotokea, usifanyie jikoni wala karibu na watoto, ule moshi unaharibu ubongo na figo.