Kabla ununue drili ya betri ya mtumba, angalia chaja kwanza

Wasee mnaonunua drili na grainda za betri huko Kirinyaga Road ama River Road, Nairobi, geuza chaja usome kibandiko cha chini kabla utoe pesa. Pale pameandikwa input, kama ni 120V peke yake hiyo ilitoka Marekani na stima yetu ni 240V, ukiichomeka kwa soketi itaungua hapo hapo, na ile adapta ya kubadilisha pini haikusaidii kitu juu inabadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zile zile. Tafuta iliyoandikwa 220-240V ama 100-240V.

Sasa betri. Watu wengi wanakataa betri ya DeWalt ya 20V MAX wakidhani haiingiliani na ya 18V XR, na ni kitu kimoja: ndani kuna seli 5 zimefuatana, kila moja 3.6V, hiyo ni 18V, ikijaa tu ndio inafika karibu 20. Lakini Makita ya 18V LXT na ya 40V XGT hazibadilishani kwa mashine, usilazimishe wala usikate plastiki ndio iingie.

Na tafadhali, betri ya lithiamu usiiweke kwa chaja ya zile za zamani za NiCd (nikeli-kadimi) hata kama volti zinafanana, hiyo chaja haijui kusimama lithiamu ikijaa, inaendelea kusukuma mpaka betri ivimbe ama ishike moto. Ah, yaani kiasi cha chaji betri inabeba, hazina shida, 2Ah na 5Ah za aina moja zinatumia chaja moja, kubwa inachelewa tu kujaa.