Somo: Kupanga kina cha usomaji wa DNA ili kunasa mutesheni adimu za kelch13

Mgonjwa mmoja wa malaria anaweza kubeba vimelea vya aina kadhaa, na R561H, mutesheni ya jeni ya kelch13 ya kimelea inayoleta usugu dhidi ya dawa ya artemisinin, iliyokwisha kuonekana Rwanda na Kagera, ikawa kwenye 1% tu ya vimelea hivyo. Piga hesabu kabla ya kuagiza vitendanishi.

1. Weka kikomo. Hapa ni 1%, na angalau ridi 5 zenye mutesheni (ridi ni kipande cha DNA kilichosomwa na mashine). Ridi moja haitoshi: kwa ubora wa Q30 mashine hukosea herufi 1 kwa 1,000.

2. Tafuta kina, yaani idadi ya ridi zinazosoma sehemu ileile ya DNA. Kina cha 500 kinakupa ridi 5 kwa wastani, lakini uwezekano wa kupata 5 au zaidi ni 56% tu. Ukitaka 95%, panga 920. Kwenye Excel: =1-BINOM.DIST(4,920,0.01,TRUE).

3. Hesabu nakala za DNA (moja kwa kila kimelea) zinazoingia kwenye PCR, hatua ya kurudufisha DNA kabla ya kuisoma. Hapa ndipo wengi hukwama. Damu µl 50 yenye vimelea 100 kwa kila µl ina vimelea 5,000. Ukitoa DNA kwenye µl 100 na kutumia µl 5, zinaingia nakala 250, tena kama hakuna kilichopotea njiani. 1% yake ni nakala 2.5, kwa hiyo takriban mirija 8 kati ya 100 haitakuwa na hata moja. Kina cha 10,000 hapo ni kusoma nakala zilezile tena na tena.

4. Zidisha. Vipande vya DNA unavyorudufisha havisomwi sawasawa, kwa hiyo lenga wastani wa 5,000 ili kilicho dhaifu kifike 1,000. Sampuli 96 × vipande 10 × PCR 2 kwa kila sampuli × 5,000 = ridi milioni 9.6. Kiti ya v2 ya mashine ya kusoma DNA ya MiSeq hutoa milioni 12 hadi 15. Panatosha, pamoja na PhiX, DNA ya kudhibiti ubora.

Maswali

*R1 na R2, ridi za ncha mbili za kipande kimoja, zinapishana. Kina changu ni mara mbili?*
Hapana, ni molekuli ileile. Ziunganishe kwanza, ndipo uhesabu.

*Sampuli ina vimelea 20 kwa µl. PCR ya kwanza imetoa ridi 50 kati ya 10,000, ya pili sifuri. Niripoti?*
Usiripoti. Nakala zako ni 50. Kosa la polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) kwenye mzunguko wa kwanza hukaa kwenye uzi 1 kati ya 200, yaani 0.5%, sawasawa na ulichokiona. Ila sifuri ya PCR ya pili nayo haithibitishi kitu: 1% ya nakala 50 ni nusu nakala. Ongeza DNA, ikiwa imekwisha, andika kikomo cha sampuli hiyo kuwa karibu 7%, kiwango ambacho PCR zote mbili zingepata angalau nakala moja kwa uwezekano wa 95%.