Kabla hujaandika "I am deeply humbled"

Jamani, kama umepewa tuzo au cheo au watu wamekumiminia pongezi na unataka kushukuru kwa Kiingereza, hii "I am deeply humbled" itumie pale ambapo kweli kuna kitu kimekufanya ujione mdogo, mfano watu wamejitoa kwa ajili yako kuliko ulivyotegemea, au umewekwa kundi moja na watu waliofanya makubwa kuliko wewe. Maana humbled asili yake ni kushushwa, hata kwenye habari za michezo timu kubwa ikipigwa bao tano wanaandika imekuwa humbled, sasa wewe umepanda cheo halafu unasema umeshushwa na hutaji nini kimekushusha, anayesoma anaona kama unajisifu kwa kuzunguka, na inasikitisha kwa sababu wengi wanaoisema wana shukrani ya kweli kabisa moyoni.

Kama ni furaha ya kuheshimiwa tu sema "I am honoured", inatosha. Ukitaka kubaki na humbled basi weka "by" halafu taja chenyewe, "I am deeply humbled by your support", hapo sentensi inawaangalia wao, sio wewe. Usiandike "I am humbling", hiyo haisemi unachokusudia. Na mi naona ukitaja wawili watatu waliokushika mkono inagusa zaidi, ila hiyo "deeply" ukiiweka kila posti inaisha nguvu haraka sana.