Namna ya Kuwatofautisha Akina Karume katika Faharasa

Anayeandaa faharasa ya kitabu cha historia hukutana mapema na jina moja la ukoo linalobebwa na watu na mahali pengi. Karume ni jina linalohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa kosa dogo hapo humpa mtu mmoja maisha ya mwingine.

Anza na watu, na uandike majina yote matatu pamoja na miaka. Abeid Amani Karume, aliyezaliwa mwaka 1905, alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Amani Abeid Karume ni mwanawe, aliyeiongoza Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Mtoto alipewa jina la babu yake, likafuatwa na la baba, kama ilivyo desturi katika familia nyingi za Pwani. Ndiyo maana maneno "Rais Karume" pekee hayatoshi, hata pale ambapo mwandishi anadhani muktadha unajieleza.

Kwa akina mama, mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu majina yanalingana kabisa. Bi Fatma Karume ni mjane wa Mzee Abeid, na Fatma Karume, wakili aliyepata kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, ni mjukuu wake, binti wa Amani. Hapa taja uhusiano wa kifamilia na kazi, maana jina halitakusaidia.

Usidhani kwamba kila Karume ni wa ukoo huo. Njenga Karume (1929–2012), mfanyabiashara wa Kiambu aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya, alikuwa Mkikuyu, na jina lake lina asili yake huko huko. Mwandike peke yake, nchi yake ikitajwa waziwazi.

Mahali pawekwe baada ya watu. Uwanja wa ndege wa Unguja, ambao zamani uliitwa Kisauni, sasa una jina kamili la Abeid Amani Karume. Dar es Salaam, "Karume" yaweza kuwa uwanja wa mpira au soko la Ilala, ambalo wengine huliita Mchikichini na ambalo liliungua Januari 2022. Kwa hiyo sentensi kama "moto wa Karume" ielekezwe sokoni, kamwe si kwenye jina la mtu.